GitHub ikikukatalia: kwanza jua inakuona wewe ni nani

GitHub ni tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo wa programu. Mtu akisema "GitHub imenikatalia", swali la kwanza la kumuuliza ni: imekukatalia wapi? Kwenye kivinjari au kwenye dirisha la amri? Hiyo ni milango miwili yenye funguo tofauti. Nenosiri linalokuingiza kwenye kivinjari halina kazi kwenye git push (amri ya kupeleka msimbo GitHub), na ufunguo wa SSH (faili la siri linalokutambulisha bila nenosiri) unaosukuma msimbo kila siku hautakufungulia ukurasa wa mipangilio. Ukishavuka mlango linabaki suala la ruhusa: umetambuliwa, sawa, lakini repo hii (hazina ya msimbo wa mradi) inakuruhusu kufanya nini? Halafu kuna suala la komiti zako (mabadiliko uliyohifadhi kwa Git) kuandikwa kwa jina la nani, na hilo halina uhusiano na kuingia kabisa.

Wengi hukimbilia kubadilisha nenosiri kwa kila dalili. Kati ya matatizo yote yaliyo hapa chini, sijui hata moja ambalo hatua hiyo peke yake hulimaliza.

Nenosiri ni sahihi, lakini git push hailitaki

Kwenye kivinjari unaingia bila shida. Kwenye dirisha la amri unaandika jina na nenosiri lilelile, unajibiwa kwamba uthibitisho kwa nenosiri uliondolewa tarehe 13 Agosti 2021. Usome ujumbe huo kama ulivyo. Hausemi umekosea nenosiri. Unasema hapo hapapokewi tena nenosiri la mtu yeyote. Video nyingi za mafunzo zilirekodiwa kabla ya tarehe hiyo na bado zinatazamwa, ndiyo maana anayeanza leo hujikwaa palepale.

Dawa ni tokeni, yaani maandishi marefu ya siri yanayochukua nafasi ya nenosiri, au ufunguo wa SSH. Tokeni hutengenezwa kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya Developer settings, kisha unaibandika pale unapoulizwa nenosiri. Ukiibandika hutaona kitu, hata nyota. Ndivyo maandishi ya siri yanavyofichwa. Na kwenye Git Bash ya Windows, Ctrl+V haibandiki. Tumia Shift+Insert, au kitufe cha kulia cha kipanya. Kuna tokeni nyingi nzima zimefutwa na kutengenezwa upya kwa sababu ya hilo tu.

Kama tokeni ilikuwa inafanya kazi na leo imegoma, angalia kwanza tarehe yake ya kuisha. Kisha jiulize kama imekaa mwaka mzima bila kutumika, maana GitHub huzifuta yenyewe tokeni zilizolala kiasi hicho. Kisha jiulize, kwa utulivu, kama hukuiacha ndani ya faili ukaisukuma kwenye repo ya wazi. Tokeni ikionekana hadharani namna hiyo hubatilishwa hapohapo, na ni heri.

Tokeni mpya kabisa nayo inaweza kukataa. Zile zinazoanza na github_pat_ hufungwa kwa mmiliki mmoja wa repo: ukijichagua wewe mwenyewe wakati wa kuitengeneza, repo za shirika lenu (Organization, akaunti ya pamoja ya timu) hazitafunguka hata kama una ruhusa zote. Zile za zamani, zinazoanza na ghp_, zinategemea visanduku vya ruhusa ulivyoweka tiki. Ukisukuma kila kitu kikapita isipokuwa faili zilizo ndani ya .github/workflows, umesahau kisanduku cha workflow.

Umekataliwa kwa jina la mtu mwingine

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu jibu limeandikwa ndani ya kosa lenyewe na hakuna anayelisoma hadi mwisho. Tuseme skrini inasema:

Permission to duka/stoo.git denied to fundi-wa-zamani.

Neno la mwisho ndilo la kutazama. GitHub haikukatai wewe. Haijui hata kama upo. Inamkataa fundi-wa-zamani, aliyetumia kompyuta hiyo kabla yako, akaingiza hati zake za kuingilia (jina na nenosiri au tokeni), na Windows ikazihifadhi. Kompyuta za ofisi, za maabara ya chuo na za kafe ya intaneti zimejaa watu wa namna hii.

Kwenye Windows fungua Control Panel, nenda Credential Manager, kisha Windows Credentials, tafuta mstari ulioandikwa git:https://github.com, uuondoe. Kwenye Mac tafuta github.com ndani ya Keychain Access. Kwenye Linux andika git config --show-origin credential.helper uone kinachotumika kuzihifadhi. Ukijibiwa store, hati zimekaa kwenye faili la ~/.git-credentials kwa maandishi ya wazi, na yeyote anayefungua akaunti hiyo ya kompyuta anaweza kuzisoma. Kwenye mashine ya watu wengi bora utumie cache, ambayo ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida husahau baada ya dakika 15.

Jina la mwisho likiwa lako mwenyewe, mambo yanageuka. Umetambuliwa vizuri, ulichokosa ni ruhusa ya kuandika. Kama tokeni yako ina ruhusa zilizotajwa hapo juu, acha kuigusa, mwandikie mwenye repo.

SSH inasema Permission denied

Kabla ya kutengeneza ufunguo mwingine, endesha amri hii:

ssh -T git@github.com

Ukisalimiwa kwa jina lako, ufunguo uko sawa na tatizo ni ruhusa, au anwani ya repo imeandikwa vibaya. Amri git remote -v itakuonyesha. Ukisalimiwa kwa jina la akaunti yako nyingine, kompyuta imetoa ufunguo wa akaunti hiyo. Ukisalimiwa kwa jina la repo badala ya jina la mtu, umeshika ufunguo uliosajiliwa kwa ajili ya repo hiyo moja, na funguo hizo kwa kawaida husoma tu, haziandiki. Usiposalimiwa kabisa, ufunguo haujasajiliwa, au ulisajiliwa ukakaa mwaka bila kutumika ukafutwa, au kompyuta hata haiujui. Jaribu ssh-add -l uone funguo ilizonazo.

Ufunguo mmoja hauwezi kukaa kwenye akaunti mbili. Mwenye akaunti ya kazini na ya binafsi anahitaji funguo mbili, na faili la ~/.ssh/config lenye majina mawili ya Host, kila moja na IdentityFile yake, pamoja na mstari wa IdentitiesOnly yes. Bila mstari huo kompyuta hutoa funguo zote kwa zamu, na GitHub humpokea mwenye ule wa kwanza inaoutambua.

Connection timed out si tatizo la akaunti. Mtandao wa chuo au wa ofisi umefunga mlango (port) namba 22. Pitia ssh.github.com kwa mlango 443.

Kuna pia onyo la kutisha linalosema utambulisho wa seva umebadilika. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA (ule seva inaojitambulisha nao) baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye repo ya wazi, na kompyuta ambayo haijaguswa tangu hapo bado inakumbuka wa zamani. Linganisha alama ya ufunguo (fingerprint) na zilizochapishwa kwenye nyaraka za GitHub, kisha uondoe wa zamani kwa ssh-keygen -R github.com.

Simu imepotea, na hatua ya pili inadai namba

Hapa tutulie, kwa sababu ndipo akaunti zinapopotea moja kwa moja.

Kuanzia Machi 2023 GitHub ilianza kuwalazimisha wanaochangia msimbo wawashe uthibitisho wa hatua mbili, kundi baada ya kundi, kila mtu akipewa siku 45. Wengi waliwasha siku ya mwisho, wakapakua faili la misimbo ya akiba (ya kuingilia simu isipokuwepo) bila kulisoma, wakaendelea na kazi. Faili hilo huitwa github-recovery-codes.txt. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta jina hilo kwenye laptopu zote ulizowahi kutumia, kwenye folda la Downloads, kwenye Drive, kwenye barua ulizojitumia mwenyewe. Ndani yake mna misimbo 16, kila mmoja hutumika mara moja tu. Ukiwahi kutengeneza orodha mpya, ya zamani ilikufa siku hiyo.

Usipoipata, angalia kama kuna kifaa ambacho bado kimeingia: kivinjari cha kazini, tableti, programu ya GitHub kwenye simu nyingine. Kikiwepo, usikitoe, wala usisafishe kivinjari. Programu ya GitHub inaweza kuidhinisha uingiaji mpya, na hilo peke yake linakutosha kurudi ndani.

Uliyekuwa unapokea SMS nenda kwa mtandao wako na kitambulisho, urudishiwe laini yenye namba ileile. Kazi hiyo mara nyingi huisha siku hiyohiyo. Lakini laini iliyozimwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, na hapo namba zako zinaingia kwenye simu ya mgeni. Ndiyo sababu mimi huwaambia watu SMS iwe njia ya pili au ya tatu, isiwe ya kwanza.

Uliyekuwa na Google Authenticator, programu inayozalisha namba za hatua ya pili, weka programu hiyo kwenye simu mpya uingie na akaunti yako ya Google. Tangu Aprili 2023 inaweza kuhifadhi misimbo kwenye akaunti, ukiwa uliiruhusu. Kabla ya hapo ilikaa kwenye simu tu, na simu ikienda nayo imekwenda.

Yote yakishindikana, kwenye ukurasa wa kuingia kuna njia ya kuomba kurejeshewa akaunti. Inadai nenosiri, inatuma namba kwenye barua pepe yako, kisha inataka ushahidi mmoja zaidi: kifaa ulichowahi kuingia nacho, tokeni, au ufunguo wa SSH. Wengi hawajui kwamba ule ufunguo uliolala kwenye laptopu kuukuu ni ushahidi. Mwenye nao huendesha ssh -T git@github.com verify na kufuata maelekezo. Ombi hukaguliwa na watu, na jibu huja ndani ya siku tatu za kazi.

Usipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo, akaunti haitarudi. Wahudumu wa GitHub hawatakurejeshea kwa pasipoti, wala kwa barua ya mwajiri. Wanachoweza ni kukuachia ile barua pepe ikatwe kwenye akaunti ya zamani, ufungue nayo mpya. Kubadilisha nenosiri hakuondoi hatua ya pili, hata ulibadilishe mara kumi. Na wale wanaojitangaza kwenye mitandao ya kijamii kwamba wanarudisha akaunti kwa malipo ni matapeli, wote.

Namba sita zinakataliwa, na simu unayo mkononi

Namba hizo huzalishwa kutokana na saa ya simu, na hubadilika kila sekunde 30. Saa ikiwa mbele au nyuma kwa dakika chache, zinakataliwa zote.

Kesi inayosumbua ni ya simu inayoonyesha saa sahihi. Chukua simu iliyonunuliwa Dubai, ikaja ikiwa na majira ya Ghuba. Mwenye simu, badala ya kubadilisha majira, amerudisha saa nyuma kwa mkono. Sasa inaonyesha saa tisa alasiri kama saa ya ukutani Dar es Salaam, lakini kwa hesabu ya ndani, ile ya dunia nzima inayotumiwa kuzalisha namba, iko nyuma saa nzima. Weka majira ya Afrika Mashariki, washa saa ya kujirekebisha yenyewe, jaribu tena. Kama bado, angalia ndani ya programu: huenda kuna mistari miwili ya GitHub, mmoja ukiwa masalia ya mara ya kwanza ulipoanza kuunganisha, na ndio unaousoma.

Barua ya kubadilisha nenosiri haifiki

Tazama kwenye barua taka, halafu jiulize ulijisajili kwa anwani gani. Wanafunzi wengi hufungua akaunti kwa barua pepe ya chuo ili wapate vifaa vya bure vya wanafunzi, wanahitimu, chuo kinazima anwani, na barua zinakwenda mahali pasipokuwa na mtu. Kama bado umeingia kwenye kifaa chochote na nenosiri unalikumbuka, ongeza leo anwani ya binafsi, ithibitishe, uifanye ya msingi. Ukishatoka bila nenosiri wala barua pepe, waombe watu wa kompyuta chuoni wakufungulie anwani kwa siku moja. Vyuo vingine hukubali.

Ukurasa unasema 404, na repo ipo

Kwa repo ya faragha GitHub haisemi "huruhusiwi", kwa sababu kusema hivyo ni kukiri kwamba ipo. Inasema haipo. Kwa hiyo 404 mara nyingi maana yake umeingia kwa akaunti nyingine, au hukuukubali mwaliko. Mwaliko hudumu siku saba, kisha mwenye repo hana budi kuutuma upya. Na ukialikwa kwa barua pepe huku akaunti yako ina anwani nyingine, hakikisha unaukubali ukiwa umeingia kwa akaunti unayoitaka.

Ikiwa wenzako ndio wanaoona 404 kwenye wasifu wako, na wewe unauona vizuri, fungua dirisha la faragha uutazame kama mgeni. Wasifu usipoonekana hapo, akaunti imewekewa alama na kufichwa. Huwapata zaidi watu wapya waliofungua akaunti kadhaa kwa mpigo, na masharti ya GitHub yanaruhusu akaunti moja ya bure kwa mtu. Jaza fomu ya kukata rufaa, eleza kwa ufupi, subiri. Usifungue nyingine wakati unasubiri.

Komiti zipo, vijisanduku vya kijani havipo

Vijisanduku hivyo ni vile vinavyoonyesha kazi yako kwenye wasifu wa GitHub. Hili halihusu kuingia. Git huandika barua pepe iliyo kwenye mipangilio ya kompyuta yako, hata kama ni ya uongo, na GitHub huilinganisha na anwani zilizo kwenye akaunti. Andika git log -1 uone iliyoandikwa. Mara nyingi utakuta kitu kama user@laptop.local. Rekebisha kwa git config --global user.email. Anwani ya zamani ikiwa ni ya kweli, iongeze kwenye akaunti na komiti za nyuma zitarudi kwako. Kumbuka pia kwamba kazi iliyo kwenye tawi (branch) lisilo kuu, au kwenye nakala uliyochepusha (fork) kutoka repo ya mtu, haihesabiwi mpaka iunganishwe.

Ubaya wake uko wazi: mtu yeyote anaweza kuandika barua pepe yako kwenye komiti yake ikaonekana ni yako. Wanaojali hilo hutia saini komiti zao.

Umebadilisha jina la mtumiaji, viungo vimekufa

Viungo vya repo huelekezwa kwenye jina jipya, ila cha wasifu hakielekezwi. Na jina la zamani huwa huru: mwingine akilichukua na kufungua repo yenye jina kama la kwako, viungo vyako vya zamani vitampeleka msomaji kwake. Badilisha anwani kwa git remote set-url kwenye kila kompyuta, na viungo kwenye wasifu wako wa kazi (CV), bila kusubiri. Kama ulikuwa ukitumia ile anwani ya kuficha barua pepe ya kabla ya Julai 2017, isiyo na namba mbele ya jina, komiti zake zitabaki na jina lililokufa.

Mtu mmoja ameondoka, na kila kitu kimesimama

Shirika lenye mmiliki mmoja halimruhusu ajitoe, lakini halimzuii kupotea. Fungua ukurasa wa People uhesabu walioandikwa Owner. Akiwa mmoja, aongezwe wa pili leo, yeye angali anapokea simu. Suluhisho la "akaunti ya ofisi" ambayo wote wanajua nenosiri lake si suluhisho: masharti yanakataza watu kadhaa kutumia uingiaji mmoja, na siku hatua ya pili itakapodai namba, simu yenye namba itakuwa mfukoni mwa aliyeacha kazi.

Dalili nyingine huja siku chache baada ya kumwondoa mfanyakazi kwa utaratibu mzuri kabisa. Tovuti inaacha kujisasisha, bila mtu kugusa chochote. Seva ilikuwa inavuta msimbo kwa tokeni yake. Tengeneza ufunguo wa repo hiyo peke yake, wa kusoma tu, uuweke kwenye seva. Na kabla ya kumwondoa anayefuata, muulize kama ana nakala aliyochepusha kutoka repo zenu za faragha, yenye kazi ambayo haijaunganishwa. Nakala hiyo hufutwa pamoja na ruhusa yake.